Beji Zilizosuguliwa Siku ya Maandalio

Jumapili, tarehe 18 Mei 2025. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka Nyacheki bila haraka, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, hata mtu hakuweza kuuona mgomba wa jirani yake. Ilikuwa baridi ile ya mwezi wa tano, inayoingia kwenye vifundo vya vidole na kukataa kutoka.

Nyanchera alipiga magoti kando ya kitanda chake.

"Bwana, leo wageni wasije," aliomba. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kumdanganya Mungu, akaongeza, "Na wakija, nipe uso wa kuwatazama."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa ujane. Marehemu mume wake, Ogoti, alimwachia nyumba ya mabati, nusu eka ya chai, mama mkwe mwenye nyumba yake hapo hapo bomani, na binti mmoja, Celestine, ambaye sasa ameolewa Narok. Mikono yake haikuwa imejifunza ujane. Kila jioni ilisonga ugali wa watu wawili, na kila asubuhi aliumega ule uliobaki na kuunywea chai, akitazama mlango.

Celestine alipotuma ujumbe kwa simu, Nyanchera alilazimika kuupeleka kwa jirani asomewe. Habari za mtoto wake zilipita kwanza kinywani mwa mtu mwingine, naye alizipokea zikiwa zimekwisha kuchekwa au kuhurumiwa. Hilo lilimchosha. Ndipo mwaka jana alipojiandikisha katika darasa la watu wazima mjini Keroka, kila Jumatano alasiri, na huko akakutana na Mwalimu Anyona wa Sironga.

Anyona alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mpole, mwenye koti moja la kijivu. Hakuwa ameoa. Watu wa Sironga walisema ameoa vibati, kwa sababu nyumbani kwake alikuwa na blanketi jekundu lililotundikwa ukutani, na kwenye blanketi hilo alikuwa amebandika beji arobaini na moja. Hazikuwa beji za wagombea. Zilikuwa za watu waliodai haki ya kupiga kura, wa hapa nyumbani na wa mbali. Nyingine alizipata kwa wazee waliozisahau ndani ya masanduku. Nyingine zilitoka kwa Ladan, mfanyabiashara wa mitumba pale Keroka, ambaye kila alipofungua mzigo wa makoti kutoka ng'ambo alipapasa kola zote, na akikuta beji alimwekea mwalimu.

"Kila moja ilikaa juu ya kifua cha mtu," Anyona alimwambia siku ya kwanza alipomletea tatu darasani. "Mtu huyo alitoka kwake asubuhi akijua anaweza kurudi amevunjwa mkono. Hii imetoka Marekani. Huko watu weusi walinyimwa kura kwa kupewa mtihani wa kusoma."

"Hata mimi wangeninyima," alisema Nyanchera. "Hapa wenzangu wakipiga kura, mimi karani hunisaidia. Inanibidi niseme kwa sauti ninayemtaka, na watu wote wasikie."

Anyona hakucheka. Alimsogezea beji nyingine, ya Kiswahili, na Nyanchera akaweka kidole juu ya herufi. Ku. Ra. Kura. Ya. Ngu. Yangu. Hayo yakawa maneno ya kwanza aliyoyasoma maishani bila kusaidiwa. Alipoinua macho, alikuta mwalimu anamtazama yeye, si beji. Mtazamo ule ulidumu kidogo kupita ule wa mwalimu kwa mwanafunzi, na wote wawili wakainama kwa pamoja kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Miezi minane baadaye walikubaliana kwamba Anyona aje Nyacheki na shangazi yake, awaombe rasmi watu wa marehemu.

Kisha ikaja Ijumaa.

Siku hiyo Anyona alimwachia ufunguo wa nyumba yake, akaenda Kisii kumchukua shangazi. Kwa Waadventista kama wao Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua halitakiwi kuzama kabla nyumba haijafagiliwa, nguo hazijapigwa pasi na sufuria hazijang'aa. Na mwanamke aliyelelewa vizuri huko Gusii hupimwa kwa sufuria zake. Nyanchera alifagia, akapiga deki, akasugua sufuria zote nne za yule mwanamume mpweke mpaka akajiona ndani yake. Halafu akatazama ukutani. Beji zilikuwa na kutu. Zilikuwa na madoa. Shangazi atasemaje akikuta mali ya moyo wa mwalimu imechafuka hivi?

Alizibandua moja moja. Akaziloweka katika maji moto yenye sabuni ya unga na ndimu. Akachukua majivu na waya wa kusugulia sufuria, akasugua arobaini na moja, akimwimbia Mungu wimbo wa shukrani, kwa upendo wote aliokuwa nao.

Anyona alipoingia, aliona blanketi jekundu limejaa vibati vyeupe, vinavyong'aa, visivyo na neno lolote. Karatasi zilikuwa zimelowa na kutoka. Rangi ilikuwa imekwenda na majivu. Shangazi alikuwa bado nje akipangusa matope. Ndipo Anyona akasema, bila kupaza sauti:

"Mtu asiyejua kusoma hawezi hata kujua amefuta nini."

Nyanchera aliweka ufunguo mezani, akaondoka.

Jana, Sabato, simu yake ililia mara tano. Hakuipokea. Jioni uliingia ujumbe, naye akausoma mwenyewe, herufi kwa herufi, midomo ikitembea: "Nisamehe. Tutakuja Jumapili kama tulivyopanga." Ulikuwa ujumbe wa kwanza wa mapenzi kuusoma kwa macho yake mwenyewe, tena ulikuwa wa kuomba radhi. Aliusoma mara tatu. Halafu akasonga ugali wa watu wawili.

*

"Mbona hujawasha moto mkubwa?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Nyakerario, akiingia jikoni na fimbo yake na shali mbili mabegani. Alikuwa na miaka themanini na minne, na masikio yake yalisikia hata yasiyosemwa. "Wageni wa baridi hii watataka uji wa wimbi, si maneno."

"Mama, sijui kama nataka waje."

"Wanakuja au hawaji?"

"Wanakuja."

"Basi weka maji. Kutaka na kutotaka tutakujua baadaye."

Shemeji yake Machogu, ndugu mkubwa wa marehemu, alifika saa nne akiwa amevaa viatu vya ngozi, jambo ambalo halikuonekana sana.

"Bwakire, shemeji! Nimesikia mwalimu wako wa vibati anakuja. Nimevaa hata viatu."

"Umevaa viatu kwa ajili ya kuku," alisema Bibi Nyakerario. "Sisi tunakujua."

"Mama, kuku ni haki ya kimila." Machogu aliketi, akanyoosha miguu. Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini niseme ukweli mapema. Huyu tulimleta hapa akiwa na miaka ishirini. Ogoti alimpenda. Leo mtu wa Sironga anakuja kumng'oa kama mche wa chai! Na nani atakuangalia wewe, mama?"

"Mimi si mtoto wa kubebwa mgongoni."

Nyanchera alikuwa akikoroga uji, mgongo ukiwaelekea. Ilimjia kama ndoto, kwamba watu wawili wanabishana juu yake naye hana la kusema. Alijiuliza kama ndivyo maisha yake yote yalivyokuwa.

Wageni walifika wakiwa wamelowa, wakakaribishwa nyumba kubwa, ambako uji na kuku vilikuwa tayari mezani. Shangazi Bochaberi alitangulia, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwimbishaji wa kwaya, akifuatwa na Anyona. Alikuwa ndani ya lile koti la kijivu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala. Nyanchera alimpa mkono bila kumtazama. Mkono wa mwalimu ulikuwa baridi. Ulichelewa kumwachilia, na Nyanchera ndiye aliyeutoa wake.

"Tumepita njia hii tukaona moshi," alianza Shangazi Bochaberi kwa ule utaratibu wa wageni wa namna hiyo, "tukasema watu hawa hawawezi kutunyima maji ya kunywa."

"Maji yapo," alijibu Machogu. "Ila huku kwetu tunauliza kwanza kiu imetoka wapi."

"Kiu imetoka kwa huyu mtoto wetu. Ni mzee kidogo, mnamwona, lakini miguu bado inafanya kazi. Amempenda mama wa hapa. Na sisi tumempenda. Hata lile jambo la Ijumaa tumelisahau kabisa."

Kijiko cha Bibi Nyakerario kilisimama ndani ya kikombe.

"Jambo gani la Ijumaa?" aliuliza Machogu.

Shangazi aliuma mdomo. Anyona alisimama.

"Nitasema mimi, kwa sababu kosa ni langu." Na akaeleza yote, hata neno lile alilolisema, akalirudia kama lilivyokuwa, bila kulipunguza makali.

Machogu alikaa wima. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na mzaha. "Ulimwambia mke wa ndugu yangu kwamba hajui kusoma? Ndani ya nyumba aliyokusafishia?"

"Nilimwambia."

"Kwa sababu ya vibati?"

"Machogu," alisema Shangazi, "hasira ya mtu..."

"Hapana, shangazi, ngoja. Mimi ni mtu wa chai, sikusoma sana, lakini mambo haya nayajua." Aligeuka. "Shemeji Nyanchera! Njoo usimame hapa katikati. Tuambie sote tukisikia. Unakwenda naye au unabaki na sisi?"

Macho yote yakamgeukia. Shangazi Bochaberi alitabasamu kwa kumsihi. Machogu alitikisa kichwa kwa kumwonya. Anyona peke yake aliangalia sakafu.

Ndipo fimbo ya Bibi Nyakerario ikagonga sakafu.

"Yaya, hapana! Mnataka apige mlolongo?"

"Mama, mlolongo umeingiaje hapa?"

"Umeingia sasa hivi, na wewe ndiye umeuleta. Mwaka wa themanini na nane nilisimama kwenye uwanja wa shule, watu wamepanga mistari nyuma ya wagombea, kila jicho linaona unakwenda wapi. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mimi nilikwenda nikasimama pale ambapo macho ya watu yalinisukuma. Moyo wangu ulikuwa kwenye mstari wa pili." Alivuta pumzi. "Nimezeeka na aibu ile. Sitaki kuiona tena ndani ya boma langu. Nyanchera, mchukue mgeni wako, nendeni jikoni. Sisi tutakunywa uji."

*

Jiko lilikuwa nje, nyumba ndogo ya udongo yenye moshi. Walikaa kila mmoja kwenye kigoda chake, mafiga yakiwa kati yao. Manyunyu yalidondoka kwenye majani ya mgomba.

"Ziko wapi?" aliuliza Nyanchera hatimaye.

"Nimezirudisha kwenye blanketi."

"Zikiwa tupu?"

"Zikiwa tupu."

"Sikujua, Mwalimu. Nilidhani kutu ni uchafu. Kwetu kitu unachokipenda unakisugua."

"Najua. Nilijua hata Ijumaa. Nilijua kabla sijafungua mdomo, na bado nikaufungua."

"Kwa nini?"

Anyona alisogeza kuni ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Kulikuwa na moja ya kijani, pembeni, chini. Hukuwahi kuniuliza habari zake."

"Ile iliyopinda pini."

"Ndiyo. Hiyo ilikuwa ya mama yangu. Mwaka wa tisini na mbili, watu walipopata tena kuchagua chama wakitakacho, mtu fulani alimpa sokoni. Aliipenda sana. Akaivaa kwenye gauni la kanisani, akaivaa shambani. Mimi nilikuwa kidato cha nne. Siku moja nilikuwa Keroka na wanafunzi wenzangu, mama akaja kunisalimia mbele yao. Alikuwa ameivaa kichwa chini, miguu juu. Wiki nzima aliivaa hivyo. Hakujua kusoma, hakuna aliyemwambia." Aliutazama moto. "Wenzangu walicheka. Na mimi nikacheka, Nyanchera. Nikamwambia, mama, hata hujui unachotangaza. Aliivua pale pale. Akaniwekea mkononi, akaenda zake na kikapu chake. Hakuivaa tena, wala hakuniuliza ilikuwa imeandikwa nini. Mwaka uliofuata akafa."

Nyanchera alifuta moshi machoni.

"Nilianza kuzikusanya baada ya mazishi. Watu wanafikiri napenda historia. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwomba msamaha. Na mtu huyo hayumo ndani ya bati."

"Kwa hiyo," alisema Nyanchera polepole, "neno uliloniambia mimi ni lile lile ulilomwambia mama yako."

Anyona alifunika uso kwa viganja. "Ni lile lile. Miaka thelathini na mitatu, na sikuwa nimelitoa kinywani."

Alilia kama wanaume wa umri wake wanavyolia, mabega tu yakitikisika. Mkono wa Nyanchera uliinuka wenyewe kutoka magotini, ukavuka joto la mafiga, ukamgusa kichwani, pale ambapo mvi zilikuwa zimelowa. Alimpenda. Alilijua hilo sasa bila mtu wa kumsomea. Ingekuwa rahisi kusema twende. Kule ndani kulikuwa na kuku, na nyumba ya Sironga ilikuwa na sufuria nne zinazong'aa, na jioni zingekuwa na mtu wa pili wa kula ule ugali. Aliona jambo hilo lote kwa uwazi, kama mtu aonavyo bonde ukungu ukiondoka. Akaona pia kitu kingine.

Aliutoa mkono.

"Mwalimu, nimekusamehe. Nimekusamehe mbele za Mungu, na sitalirudia jambo hili. Lakini siwezi kuja Sironga."

Anyona aliinua uso. "Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe, ndiyo. Sikiliza. Nikija sasa, nitakuja nikiwa mwanafunzi wako. Nikikosea chumvi, nitakuwa mwanafunzi aliyekosea. Ukinyamaza tu siku moja, nitadhani unalimeza lile neno. Na wewe utanitunza kama unayemlipa mama yako. Mimi si mama yako, Anyona."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, bila mwalimu. Wote wawili walilisikia.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Niache nimalize kujifunza kusoma. Mke wa mchungaji anafundisha watu wazima hapa Nyacheki, kila Jumatatu. Sitakuja tena Keroka."

"Hata Jumatano nisikuone?"

"Hata Jumatano."

"Nyumba yangu ni kimya sana, Nyanchera."

"Na yangu." Macho yake hayakuondoka usoni mwa Anyona. "Unafikiri mimi nina kelele gani humu?"

Halafu Nyanchera akamweleza kwa sauti ya chini anachokitaka, naye akakubali kwa kichwa, mara moja, kwa uzito wa mtu anayepokea mzigo akijua umbali wa safari.

Waliporudi ndani, Machogu alikuwa na paja la kuku mkononi. Aliliweka chini.

"Haya. Anakwenda au anabaki?"

"Nyamaza, wasimame kwanza," alisema Bibi Nyakerario.

Anyona alivua koti lake lenye maji, akalikunja kwenye mkono. Shangazi Bochaberi, aliyeuona uso wake, alianza kuomba Mungu kimyakimya.

"Wazazi wangu," alisema Anyona, "mimi na Nyanchera tumezungumza. Leo sichukui mtu. Naahidi mbele yako, Mama Nyakerario, na mbele yako, Machogu, na mbele ya shangazi yangu aliyekuja nami, kwamba sitamfundisha tena herufi hata moja, wala sitampigia simu kumharakisha. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili nitafika mlangoni hapa. Nitamuuliza yeye, sitamuuliza mtu mwingine. Akikataa, nitakunywa maji na kurudi Sironga bila kinyongo. Mungu amenisikia, na ninyi mmenisikia."

"Tumekusikia," alisema Bibi Nyakerario.

Machogu alikohoa. Alimtazama mjane wa ndugu yake kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona akiingia katika boma lile. "Na wewe, shemeji? Una neno?" Safari hii aliuliza taratibu.

Nyanchera hakumwangalia Machogu, wala mama mkwe wake. Alimwangalia mwanamume aliyekuwa akidondosha maji kwenye sakafu yake.

"Nami naahidi mbele yenu wote," alisema, kwa sauti iliyofika hadi nje, "siku hiyo nitakuwa nyumbani."